Koo la Bati

Nilisikia pumzi kwanza. Nilikuwa nimelala chumba cha nyuma, mlango umerudishwa, shuka limenifunika uso, na pumzi ile ikaingia ikajaa chumba kizima, nzito na ya karibu, kana kwamba nyumba yetu yenyewe imeamka na kuvuta hewa. Ikatoka. Ikaingia tena. Halafu nikasikia mate yakimezwa, kwa kishindo cha jiwe lililodondoka kisimani. Nikabana mikono katikati ya magoti, nikangoja nyumba iseme inachotaka kusema.

Haikusema. Kikalia kitu, krrrr, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali, kisha kimya.

“Shetani wewe!” Mamdogo Siwema akafoka huko ukumbini. “Umeongea, umeongea vizuri kabisa, sasa umekufa tena!”

Nilipotoka nilimkuta ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kanga ameikaza kiunoni. Mkononi alishika mkono wa simu ya mezani iliyokufa zamani, ile sehemu ya kuongelea, na kutoka hapo waya mrefu ulikwenda hadi kwenye kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo kulikuwa na ubao mdogo wenye vitu vya rangi rangi, mfano wa peremende. Kutoka kwenye kopo waya mwingine ulikwenda kwenye spika iliyong’olewa kwenye televisheni mbovu, na mwingine kwenye betri ya pikipiki. Ile pumzi ilikuwa yake. Alikuwa anajaribu.

Nakumbuka haya kwa sababu ya chupa. Ninapoishi sasa asubuhi zina baridi, na chupa ya mawese niliyoletewa kutoka Kigoma nimeiweka dirishani jikoni. Leo nimeiamkia nikakuta imegawanyika: juu mafuta mekundu na mepesi, chini mafuta ya njano, mazito, yamelala kama mchanga. Niliitazama mpaka chai ikapoa. Kuna watu huona picha ya zamani wakalia. Mimi niliona mafuta ya kupikia, nikasikia pumzi.

Mama yangu alikuwa na chuo. Katika ua wetu, chini ya paa la bati lisilo na kuta, aliwafundisha Kurani watoto wa kike wa Ujiji, na wengine walitoka mpaka Rusimbi. Kila mtoto alikuja siku ya kwanza na mkeka wake, na mkeka huo ukabaki kwetu, umetundikwa ukutani mwa nyumba, mpaka atakapohitimu. Asubuhi tuliitandika, na ua ukawa na rangi za kila nyumba. Mzazi akitaka kumtoa mwanawe, hakumtuma mtu. Alikuja mwenyewe, akaomba radhi kwa mwalimu, akaukunja mkeka kwa mikono yake, akaondoka nao kwapani. Ilikuwa nadra. Nilipokuwa mdogo sana niliwahi kuona mara moja tu, na mama aliyekuja kumtoa mwanawe alilia kuliko mtoto.

Na mama alikuwa na sauti. Aliposoma, wanawake waliokuwa wakianika dagaa nyumba ya tatu walisimamisha mikono. Halafu shingoni kwake pakaota tezi. Lilikua polepole, kama kitu kinachojificha, na mwisho likaanza kumbana pumzi. Daktari alimweleza mapema kwamba limeshikana na mshipa wa sauti, kwamba wanaweza kuokoa pumzi wasiokoe sauti. Mama akasema pumzi kwanza. Alirudi nyumbani na bandeji shingoni na mnong’ono. Hakuwa na kitu kingine: mnong’ono, kama karatasi mbili zinazosuguana.

“Tezi wamelitoa,” bibi aliwaambia majirani waliokuja kumpa pole. “Na sauti imeondoka nalo.”

Mimi niliyaelewa maneno hayo kama yalivyo. Sauti imeondoka. Kwa hiyo ipo mahali. Nilichotaka kujua ni wapi tu.

Chuo kikaanza kupungua. Mama alifundisha kwa kugonga ubao na kwa kuandika kwa chaki, na wasichana wa nyuma wakacheza kibe na kusukana nywele. Kina mama walikuja mmoja mmoja, kwa heshima zote. “Tunampumzisha kidogo tu, Ustadha.” Mikeka ikakunjwa. Ukutani ikabaki misumari mitupu. Kutoka watoto thelathini na kitu tukabaki tisa, na kati ya hao tisa, sita walitoka Rusimbi pamoja, wakiongozwa na Rukia, msichana mkubwa aliyewashika mikono barabarani. Akiondoka Rukia, hao wadogo wasingekuwa na wa kuwaleta. Hilo kila mtu nyumbani alilijua. Kisha Mama Rukia akaleta salamu: Jumamosi asubuhi atakuja kumwona Ustadha.

“Kumwona,” bibi alisema, akisonga ugali kwa hasira. “Anakuja kuukunja mkeka. Aseme tu.”

Hapo ndipo mamdogo Siwema, mdogo wake mama, alipoanza kukusanya makopo. Yeye alikuwa fundi cherehani soko la Mwanga, na cherehani yake ilichangia ukuta na kibanda cha fundi redio. Miaka yote ile ya kushona huku akichungulia pembeni, alijikuta anajua kuchoma risasi ya kuungia nyaya. Wanaume wa pale walimcheka. “Siwema, hiyo suruali unaishona au unaichoma?” Yeye aliwajibu bila kuinua macho: “Waya ni uzi. Tofauti yake huu ukikosea unakurusha.”

Sasa alikuwa anamtengenezea dada yake amplifaya. Alisema neno hilo kwa fahari, silabi moja moja. Nikamuuliza itafanya nini.

“Itaichukua sauti ya mama yako, ikaileta hapa,” akagonga spika kwa kucha.

Basi nikajua. Kopo lile lilikuwa chombo cha kuitafutia sauti ilikokwenda.

Nilikaa naye kila nilipotoka shule. Sijawahi kuona kitu cha ajabu kuliko namna alivyolitafuta kosa. Hakuanza mwanzo. “Anza mdomoni, rudi kooni,” alisema. Alilowesha ncha ya kidole kwa mate, akaigusa waya wa spika: tik. Hapo pazima. Akarudi nyuma hatua moja, akagusa mguu wa kitu cheusi chenye miguu mitatu: tok, kubwa zaidi. Pazima. Akarudi tena nyuma, akagusa, kimya. “Ahaa. Ameziba hapa.” Akageuza ubao, akaonyesha nukta moja ya risasi ambayo mimi niliiona sawa na nyingine zote. “Hii imekaa tu, haijashika. Angalia, haing’ai.” Akaichoma upya, moshi wenye harufu ya ubani ukapanda, akagusa, na spika ikapiga tok iliyonitoa pale nilipokaa. Kidole cha mtu, mate ya mtu, na ngurumo inatoka kwenye bati! Alinipa na mimi niguse. Nililia kwa furaha, nikidhani nimejisikia ndani ya mwili wangu.

Siku ya tatu sauti ikapatikana.

Siwema alikuwa amewasha, hakuna aliyeongea, na kutoka kwenye spika akazungumza mwanamke. Mbali, chini ya mvumo kama wa mvua, lakini mwanamke kabisa, sauti nzuri, imetulia. Sikuelewa maneno. Nilitazama mama, aliyekuwa kwenye mkeka anachambua mchele, mdomo wake umefungwa. Nilitazama spika. Nikajua kwamba nilichotaka kujua nimekijua: sauti ya mama ilikuwa imevuka ziwa, imekaa ng’ambo, na imejifunza lugha ya huko.

“Mama,” nikanong’ona, “ni wewe.”

Bibi akasogeza sikio. Yeye alikulia kwenye Kiha, na wa ng’ambo ya mpaka wanaosema Kirundi huwaelewa bila shida. “Ati mbuzi wa mtu amepotea,” akatafsiri. “Mweusi, ana doa kwenye paji. Atakayemwona ampeleke kwa balozi wa mtaa.”

Siwema alicheka mpaka akajilaza chali. Redio ya ng’ambo, alisema. Waya wa maiki, yaani wa ule mkono wa simu, ni mrefu na mtupu, unadaka kila kinachopita hewani. “Unatembea uchi huu. Lazima tuuvishe.” Kesho yake akaja na kipande cha waya wa antena ya televisheni, ule wenye wavu wa nyuzi za shaba chini ya ngozi, akauunga mahali pa ule wa kwanza, wavu akaufunga kwenye bati la kopo. Akawasha. Mvumo ukaisha. Mwanamke naye akaisha.

Wao walifurahi, na mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa. Tulikuwa tumempata, tukamfungia mlango.

Kilichobaki kwenye kopo kilikuwa ukwaruzo. Kila Siwema alipozungusha kitufe cha kuongeza sauti kililia krrrr, na sauti ikakatika au ikaruka. “Kimechoka hiki, nimekitoa kwenye redio kuukuu,” alisema, akaondoka kwenda Mwanga kutafuta kingine. Mimi nilibaki na kopo. Nikazungusha. Krrrr. Nikazungusha tena. Na nikaujua ugonjwa ule, kwa sababu niliuona kila jioni: bibi alipasha mawese moto kwenye kijiko, akampaka mama shingoni, juu na chini ya kovu, taratibu, akisema, “Yalainishe, yateleze, sauti ipite.” Mlango wetu wa uani ulipolia, bibi aliupaka mawese bawaba, ukanyamaza. Koo lilikuwa koo, la nyama au la bati.

Siwema alikuwa na unyoya wa kuku wa kutilia mafuta cherehani. Nilipasha mawese kwenye kijiko cha bibi, nikauchovya humo, nikayadondosha kwenye upenyo wa kile kitufe. Tone, tone, tone. Nikazungusha. Hakikulia. Kiliteleza kama kisu kwenye parachichi.

Mchana ule Siwema alirudi mikono mitupu, akawasha kwa kukata tamaa, akazungusha, akakunja uso. Akazungusha tena. “Ehe! Kumbe alikuwa ananidekea tu.” Akamwita mama, akampa maiki.

Mama aliishika kama mtu anavyoshika kifaranga. “Bismillahi,” alisema.

Ua mzima ulisikia. Kuku waliinua vichwa. Nilisikia ulimi ukiachana na meno, midomo ikifunguka, hewa ikipita mahali palipopasuliwa. Ulikuwa mnong’ono uleule wa karatasi, ila sasa karatasi zilikuwa kubwa kama matanga. Siwema alijiziba mdomo kwa kanga. Bibi akakaa chini bila kuangalia anakokaa.

Mimi nilisubiri. Kisha nikasema, “Si hii.”

“Si nini?” Mama aliuliza, kwenye maiki, na swali likatoka kwenye spika.

“Si sauti yako. Ile yako.”

Aliweka maiki kando. Akanivuta, akaongea sikioni kwangu bila chombo. “Ile haipo tena, mwanangu. Haipo hospitali, haipo ng’ambo. Iliyobaki ndiyo hii.” Akanipuliza sikio, nikacheka bila kutaka kucheka.

Asubuhi iliyofuata amplifaya haikutoa hata tik.

Siwema alilala kwetu siku hizo, na alianza kufungua kopo kabla ya kunywa chai. Kidole cha mate: spika nzima, nukta zote nzima, betri imejaa. Alichoma upya risasi ambazo hazikuwa na kosa. Saa saba mchana, jua likiwa juu ya bati, ikaongea yenyewe. Siku ya pili vilevile: asubuhi maiti, mchana ni nzima kama chuma. Siku ya tatu vilevile.

“Ikiumwa nitaitibu,” Siwema alisema, macho mekundu kwa moshi. “Lakini hii inapona nikiwa nimeketi! Nitibu nini?”

Walibishana, yeye na bibi. Siwema alisema ni unyevu wa ziwa. Bibi alisema ni jicho la mtu. Mimi nililala na hofu ambayo sikuweza kumwambia yeyote. Mama alisema iliyobaki ni hii. Na hii nayo, kila asubuhi, ilikuwa haipo. Nilidhani inajifunza kuondoka, kama ile ya kwanza.

Jumamosi kulikuwa na baridi. Katika kiangazi upepo wa ziwani hupanda asubuhi hadi mitaa ya juu, na watu hutembea wamejikunja. Chuo kilianza saa mbili. Wasichana tisa walikaa kwenye mikeka yao, kopo likiwa juu ya kigoda mbele ya mama, bubu. Mlango wa uani ukafunguka.

“Hodi hapa. Mwakeye, mmeamkaje?”

“Karibu, Mama Rukia. Karibu ndani.” Bibi ndiye aliyejibu, kwa uso mgumu.

Mama Rukia alikuwa mwanamke mrefu, mpole. Na yeye mwenyewe alisoma pale, kwa mama, wakati mama angali msichana anayeanza kufundisha. Hicho ndicho kilichomfanya aogope kumtazama. Aliinama akamshika mama mkono. “Shikamoo, Ustadha. Nimekuja kuomba radhi.” Mama aliitikia kwa midomo, hakuna kilichosikika. Mama Rukia akaendelea haraka, kama mtu anayepita kwenye maji baridi: shule imekuwa nzito, Rukia ana mitihani, kuna chuo kipya karibu na nyumbani. Mama alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Kisha akamwonyesha Rukia kwa mkono: asome kwanza, asome mara ya mwisho.

Nyuma ya mlango wa jikoni Siwema alikuwa amelichukua kopo, analifungua kwa mara ya mia. Bibi akaja na kijiko cha mawese, kwa ajili ya shingo ya mama, kwa sababu hakujua cha kufanya kingine. Hakukipasha moto. Mafuta yalikuwa yamesimama kijikoni, njano, kama uboho.

“Bibi, yapashe kwanza,” nikasema. “Ya baridi hayatelezi. Hata mimi ya kwenye redio niliyapasha.”

Siwema akainua uso. “Ya kwenye nini?”

Nilitazama kile kitufe, na yeye akatazama nilipotazama.

“Tunu. Ulitia mawese hapa?”

“Kilikuwa kimekwama koo.”

Nilisubiri kofi. Aliushika mdomo wangu kwa vidole viwili, akaubana kama anayefunga pochi, akaniachia. Kisha akachomoa kitufe kwa bisibisi, akakipasua mgongo. Ndani, juu ya ule utepe mweusi ambao chuma kidogo hutembea juu yake, palikuwa na mafuta yaliyoganda, mazito, safi, yamekinyanyua kile chuma kisiguse kitu. Mchana yaliyeyuka, kikagusa. Asubuhi yaliganda, kikainuliwa. Siwema alinionyesha. Nililiona kosa langu kwa macho, na lilikuwa zuri ajabu, la njano, limekaa mahali pake kama kiini cha yai.

“Spiriti,” akasema. “Ile ya kidonda cha mama yako. Kimbia.”

Nilikimbia. Uani Rukia alikuwa anasoma, sauti yake ndogo imenyooka, na Mama Rukia alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa mkeka, ameanza kuukunja kutoka mwisho. Siwema alifuta kwa pamba na spiriti, akafuta tena, akakirudisha kitufe. Alitoka jikoni akitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa, akaliweka kopo kigodani, akamwekea mama maiki mkononi.

Rukia alifika kwenye neno lenye haa, ile ya katikati ya koo, ambayo sisi watu wa Ujiji huisoma kama ha ya kawaida, nyepesi. Akaisoma nyepesi.

“Rudia,” mama alisema.

Neno likajaa ua. Mikono ya Mama Rukia ikasimama juu ya mkeka.

Rukia akarudia, akakosea vilevile. Mama hakumkaripia. Alisogeza maiki karibu na midomo, akaitoa ile herufi peke yake. Haa. Herufi hiyo haihitaji sauti. Inahitaji pumzi tu, na mahali pa kuipitisha. Ikatoka kwenye spika, ndefu, ya joto, na tuliisikia inakotoka: tulisikia koo likijibana, hewa ikijisugua, ikapata njia. Miaka yote mama alikuwa ametuimbia, na sauti yake nzuri ilikuwa imetuficha jambo hilo. Hatukuwahi kusikia herufi ikizaliwa. Wasichana wa nyuma waliachana na nywele zao. Nilikuwa mlangoni, chupa ya spiriti mkononi, na nikaijua pumzi hiyo. Ndiyo iliyoniamsha siku ya kwanza. Nyumba ilikuwa imesema.

“Rudia.”

Rukia akarudia, na herufi ikakaa. Na nikamwona Mama Rukia, mtu mzima mwenye watoto wanne, yupo magotini, mgongo umenyooka kama wa mtoto wa chuo, midomo yake inatikisika. Alikuwa anarudia na yeye.

Alibaki hivyo mpaka sura ikaisha. Kisha akaulaza mkeka, akausukuma kwa kiganja mpaka ukingo ukanyooka, akaupapasa mara mbili pale ulipokuwa umeanza kujikunja. Akamwinamia mama, akambusu mkono. Kwa Rukia alisema tu, “Uwashike wadogo barabarani.” Akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake. Bawaba alizozipaka bibi hazikulia.